Usajili na Leseni ya Biashara Tanzania: Sheria Inamlinda Nani?

Katika Tanzania Bara, mtu anayetaka kufanya biashara kwa kufuata sheria hukutana na mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani usajili na leseni. Usajili ni kuandikisha biashara katika daftari la serikali ili ijulikane kuwa ipo, inaitwaje, ni ya nani na inapatikana wapi, ilhali leseni ni ruhusa inayotolewa na mamlaka ili shughuli fulani ifanyike mahali fulani kwa muda uliowekwa. Cheti cha kuzaliwa hakimpi mtu ruhusa ya kuendesha gari, na vivyo hivyo cheti cha usajili hakimpi mfanyabiashara ruhusa ya kufungua duka. Wako wengi waliokamilisha usajili, wakaweka cheti kwenye fremu ukutani, wakaamini kwamba kazi imekwisha, kisha wakashangaa maofisa wa halmashauri walipofika kuuliza leseni. Na wako wengine waliolipia leseni kila mwaka kwa jina ambalo halijawahi kuandikishwa popote, hata siku waliyohitaji mkopo wa benki au zabuni ya serikali ndipo wakagundua kwamba jina lililo juu ya mlango wao halikuwa mali yao.

Mazungumzo haya yanapitia masharti hayo, lakini yanafanya hivyo kwa kuuliza swali moja kwa kila sharti: linamlinda nani? Swali hilo ni la lazima kwa sababu mfanyabiashara mdogo huyaona masharti yote kuwa ni namna mbalimbali za kumtoza fedha, na serikali kwa upande wake huyatetea yote kana kwamba yana uzito ule ule, wakati ukweli ni kwamba baadhi yake yana sababu nzito ya haki na mengine yanaendelea kuwepo kwa mazoea tu.

Usajili ndio wenye sababu iliyo wazi zaidi. Biashara ni uhusiano na watu wasiofahamiana: msambazaji anayemwachia muuza duka mzigo kwa mali kauli, mteja anayelipa kabla ya kupokea samani, fundi anayefanya kazi mwezi mzima akitarajia mshahara, mwenye nyumba anayepangisha fremu. Kila mmoja wao anahitaji kujua, mambo yakiharibika, ni nani hasa wa kudaiwa, na jina la kupendeza lililochorwa kwenye bango haliwezi kuitwa mahakamani ikiwa nyuma yake hakuna mtu anayetambulika. Kwa hiyo daftari la usajili ni la umma, maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza, kwa ada ndogo, kuomba taarifa zilizomo. Na hapo ndipo panapoonekana kwamba anayelindwa kwanza na usajili ni yule anayefanya biashara na mwenye cheti, naye mwenye cheti hufaidika baadaye kwa kuaminiwa.

Chombo kinachoshika daftari hilo upande wa Bara ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha BRELA, ambao ulianzishwa mwaka 1999 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997. Mtu anayefanya biashara peke yake au kwa ubia na wenzake hutumia Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura 213, ambayo asili yake ni enzi ya utawala wa Waingereza Tanganyika. Sheria hiyo haimlazimishi kila mtu kusajili, kwa kuwa anayeuza kwa majina yake halisi bila kuongeza neno lolote hana cha kuficha na kwa hiyo hana cha kuandikisha. Lakini akiongeza maneno kama vile "na Wanawe" au "Traders", au akitumia jina la kubuni, anatakiwa kulisajili ndani ya siku 28 tangu kuanza biashara na kukiweka cheti mahali panapoonekana. Msajili hukataa jina linalofanana mno na lililokwisha kusajiliwa, na pia jina linaloweza kuwafanya watu wadhani kwamba biashara hiyo ni ya serikali.

Kuna kosa moja linalostahili kuonywa hapa kwa sababu huwagharimu wajasiriamali wanaoanza kufanikiwa. Kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Jina la biashara humtambulisha anayefanya biashara, ilhali alama ya biashara, ambayo inaweza kuwa neno, mchoro au vyote viwili, hutambulisha bidhaa au huduma yenyewe sokoni na kumpa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine wasiitumie. Alama husajiliwa chini ya sheria nyingine, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambapo usajili wa kwanza hudumu kwa miaka 7 na baadaye huweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Mama anayesaga na kufungasha unga wa lishe Morogoro, akauza kwa jina lililopendwa na wateja, anaweza kuwa na cheti halali cha jina la biashara na bado akamkuta mtu mwingine amelisajili neno lile lile kuwa alama ya unga, na kuanzia hapo kesi ya kulirudisha itamgharimu kuliko ambavyo ingemgharimu kuliandikisha mapema.

Kampuni ni jambo la namna nyingine kabisa, na tofauti yake haiko katika ukubwa wa biashara wala katika idadi ya wafanyakazi. Mwenye jina la biashara na biashara yake ni mtu mmoja machoni pa sheria, hivi kwamba deni la duka ni deni lake, na nyumba yake inaweza kuuzwa kulilipa. Kampuni, kinyume chake, ni mtu wa kisheria, yaani huluki ambayo sheria huitambua kuwa na uwezo wa kumiliki mali, kukopa, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe, ikiwa imetengana na wale walioianzisha. Msingi huo uliwekwa bayana na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1897 katika shauri la Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni ambayo hisa zake karibu zote alizishika yeye mwenyewe, na ambayo ilipofilisika wadai walitaka madeni yake yalipwe kutoka mfukoni mwake. Mahakama iliamua kwamba kampuni haikuwa Salomon, hata kama Salomon alikuwa ndiye mwenye karibu kila hisa, na kanuni hiyo ilisafiri pamoja na sheria za Kiingereza hadi Afrika Mashariki, ambako inatumika mpaka sasa.

Heshima hiyo ambayo sheria huipa kampuni ni kubwa, na bei yake ni uwazi. Kama wadai hawawezi kumfuata mwanahisa nyumbani kwake, basi ni haki yao kujua kampuni ina mtaji gani, inaongozwa na nani na imeweka rehani mali zipi. Ndiyo maana Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006 na kuchukua nafasi ya sheria ya wakati wa ukoloni, inadai mambo ambayo haimdai mwenye jina la biashara: katiba ya kampuni inayoeleza malengo yake, mtaji wake na taratibu zake za ndani, wakurugenzi wasiopungua wawili, ofisi iliyosajiliwa ambako barua na hati za mahakama zinaweza kupelekwa, na tamko la kuthibitisha kuwa matakwa ya sheria yametimizwa. Kampuni binafsi, ambayo ndiyo aina inayosajiliwa zaidi, hairuhusiwi kuwa na wanahisa zaidi ya 50 wala kualika umma kununua hisa zake, na kanuni zake lazima ziweke mipaka kwa uhamishaji wa hisa.

Uwazi huo hauishii siku ya kupokea cheti. Kila mwaka kampuni hutakiwa kuwasilisha kwa msajili taarifa za mwaka, ambazo huonyesha wanahisa, wakurugenzi na hali ya mtaji kama ilivyo wakati huo, na mabadiliko yoyote ya anwani au uongozi hutakiwa kuripotiwa. Hapa ndipo kampuni nyingi za Kitanzania huanguka, kwa kuwa waanzilishi walidhani usajili ni tukio la siku moja, na wanaporudi miaka mitano baadaye kutafuta hati kwa ajili ya zabuni hukuta faini za ucheleweshaji zimerundikana. Tangu marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2020, kampuni hutakiwa pia kuwataja wamiliki manufaa, yaani watu wa kweli wanaonufaika na kampuni au wanaoiamuru, hata kama majina yao hayamo katika orodha ya wanahisa. Sharti hilo wapo wanaolilalamikia kuwa ni upekuzi, lakini kwa kipimo cha swali la nani analindwa lina uzito kuliko mengi, kwa sababu kampuni inayoficha mwenyewe ndiyo njia ya kawaida ya kupitishia fedha za rushwa na kukwepa kodi, na wanaoumia ni wananchi ambao hawatakuja kuliona daftari hilo kamwe.

Mwaka 2018 BRELA ilianza kutumia mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao, na mwombaji wa jina au kampuni hahitaji tena kusafiri hadi Dar es Salaam akiwa na bahasha ya fomu kama walivyofanya waliomtangulia. Kwa mtu wa Kigoma au Mtwara hayo ni mabadiliko makubwa, na yanastahili kusifiwa bila kusita. Hata hivyo mfumo huo humtambua mwombaji kwa namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA, na asiye na namba hiyo, au ambaye jina lake limeandikwa tofauti kwenye hati zake, hukwama mlangoni. Asiyezoea kompyuta naye huenda kwa kijana wa steshenari au kwa vishoka, yaani madalali wasio rasmi wanaojitia kujua njia za mkato, na baadhi yao hufungua akaunti ya mteja kwa barua pepe na namba ya simu yao wenyewe, hivi kwamba mwenye kampuni akitaka kubadilisha anwani baadaye anajikuta hana funguo za mali yake. Anayesaidiwa kujaza fomu hizo ahakikishe kwamba barua pepe, namba ya simu na nywila ni vyake, kwa maana hilo ni muhimu kuliko hata uzuri wa jina analochagua.

Baada ya usajili hufuata Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ambako kila anayeanza biashara hutakiwa kuomba namba ya utambulisho wa mlipakodi, maarufu kama TIN, ndani ya siku 15 tangu kuanza shughuli. Namba yenyewe haitozwi ada, jambo ambalo si kila mtu analijua na ambalo vishoka hawalitangazi. Kwa mtu binafsi mwenye mauzo madogo kodi ya mapato hukadiriwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka, na asiyezidisha shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi hiyo. Mwenye mauzo yanayofika shilingi milioni 200 hulazimika kujisajili kwa ajili ya kodi ya ongezeko la thamani, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 mwaka 2023. Na mwenye mauzo ya wastani hutakiwa kutumia mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, inayojulikana kwa jina la EFD.

Jambo linalowashtua wengi katika hatua hii ni mkataba wa pango. TRA huuliza mkataba wa chumba cha biashara, na mkataba huo hudaiwa ushuru wa stempu, na zaidi ya hapo mpangaji wa biashara hutakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kutoka kwenye pango na kuiwasilisha serikalini kwa niaba ya mwenye nyumba. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa kuwa ni kipato chake kinachotozwa. Katika maisha halisi ya Kariakoo au Mwanjelwa, mwenye nyumba hudai pango lake lote bila kukatwa hata senti, akimwambia mpangaji kwamba wanaosubiri fremu ni wengi, na mpangaji huilipa kodi isiyo yake kabla hajauza kitu. Sheria imempa mpangaji wajibu wa kumkata mtu mwenye nguvu kuliko yeye, na hilo ni kosa la mpangilio ambalo elimu kwa mlipakodi peke yake haiwezi kulitibu.

Leseni ya biashara ndiyo inayofuata, nayo ina historia inayohitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa sababu bila historia hiyo masharti yake hayaeleweki. Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya mwaka 1972, ilitungwa miaka mitano baada ya Azimio la Arusha, wakati ambapo njia kuu za uchumi zilikuwa zimewekwa chini ya dola na mfanyabiashara binafsi alitazamwa kwa mashaka. Katika hali hiyo leseni ilikuwa chombo cha kuamua nani afanye biashara gani, wapi, na kama anastahili kabisa kuifanya. Mwaka 1976 ilifuata Operesheni Maduka, iliyofunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika, na mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, ambayo iliwakumba wengi waliokuwa wakiuza vitu vidogo vidogo mitaani kama watu wasio na kazi halali. Uchumi wa wakati huo umekwisha kupita, lakini sheria ya 1972, pamoja na marekebisho yake mengi, ndiyo inayotumika hadi leo.

Chini ya sheria hiyo, ni marufuku kufanya biashara bila leseni, na leseni huhusu biashara moja na mahali pamoja, kwa hiyo mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi huhitaji leseni mbili hata kama yanatazamana. Leseni zimegawanywa katika makundi mawili. Kundi A ni la biashara zenye sura ya kitaifa na kimataifa, kama vile uingizaji na usafirishaji wa bidhaa nje, viwanda vikubwa na utalii, na leseni zake hutolewa na BRELA. Kundi B ni la biashara za eneo, kama vile maduka ya rejareja, spea, saluni na migahawa, na leseni zake hutolewa na halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji, siku hizi kupitia mfumo wa kielektroniki wa Tausi. Mwombaji huonyesha kitambulisho, cheti cha usajili kama anatumia jina la biashara au kampuni, TIN, hati ya kuthibitisha kwamba hana deni la kodi, na uthibitisho wa mahali pa kufanyia biashara. Leseni hudumu kwa miezi 12 na lazima iwekwe mahali ambapo mteja na mkaguzi wanaweza kuiona. Pombe ina sheria yake, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na leseni yake ni ya peke yake.

Kwa swali la nani analindwa, leseni ya jumla ya kundi B inajibu kwa shida. Anayeuza nguo za mitumba, daftari za shule au ndoo za plastiki hamhatarishi mtu, na leseni yake haithibitishi ubora wa ndoo wala uaminifu wa muuzaji. Inathibitisha kwamba halmashauri imepokea ada. Serikali yenyewe iliwahi kukiri jambo hilo kwa vitendo. Mwaka 2004 ada ya leseni ilifutwa kwa biashara ndogo, na katika muongo uliofuata ikarudi, kwa kuwa halmashauri zilikuwa zimepoteza chanzo cha mapato ambacho hakikupata mbadala wa kutosha. Kati ya hatua hizo mbili Bunge lilitunga Sheria ya Usajili wa Shughuli za Biashara ya mwaka 2007, ambayo ilikusudiwa kuondoa kabisa utaratibu wa leseni za jumla na badala yake kuweka usajili mwepesi karibu na mwananchi, katika ngazi ya wilaya, leseni zikibaki kwa shughuli zenye hatari maalumu. Sheria hiyo ilipitishwa, ikachapishwa, na utekelezaji wake haukufika mahali ulipokusudiwa, hivyo wafanyabiashara wameendelea kuishi chini ya ile ya 1972. Nchi iliyokwisha kutafakari, ikaamua kwa njia ya Bunge kwamba biashara ya kawaida iandikishwe na isiombewe ruhusa, inawadai wananchi wake maelezo ya kwa nini uamuzi huo umelala.

Uzito wa jambo hilo unaonekana katika matokeo ya Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, MKURABITA, ulioanza mwaka 2004 chini ya Rais Benjamin Mkapa kwa msaada wa taasisi ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto. Tathmini iliyofanywa na taasisi hiyo ilionyesha kwamba asilimia 98 ya biashara nchini zilikuwa zikiendeshwa nje ya mfumo rasmi wa sheria. Mtu anaweza kubishana na namna ya kuhesabu, lakini hata takwimu hiyo ikipunguzwa sana bado inasema kwamba sheria iliyoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wote ilikuwa inawafikia wachache, na waliobaki walikuwa wakifanya kazi kwa kutegemeana kwa ujamaa, kwa neno la mjumbe wa nyumba kumi na kwa huruma ya mgambo. Mkopo wa benki hautolewi kwa dhamana ya namna hiyo, na kesi haishindwi mahakamani kwa ushahidi wa namna hiyo.

Hilo halina maana kwamba vibali vyote ni mzigo usio na haki. Anayepika chakula cha kuuza, anayeuza dawa, anayehifadhi petroli na anayesafirisha abiria wanaweza kuua watu kwa uzembe, na hapo ruhusa ya awali na ukaguzi wa mara kwa mara vina sababu isiyobishaniwa. Duka la dawa husimamiwa na Baraza la Famasi, kituo cha mafuta na EWURA, daladala na mabasi na LATRA, benki na wakopeshaji na Benki Kuu, na mradi unaoweza kuharibu mazingira hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mwajiri naye huandikisha mahali pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, huwachangia wafanyakazi wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na hujiandikisha katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ili fundi anayekatwa kidole na mashine asirudi nyumbani mikono mitupu. Haya ndiyo masharti ambayo wafanyabiashara huyalaumu zaidi na ambayo, kwa haki, yangepaswa kulaumiwa kidogo kuliko yote.

Tatizo la masharti hayo lilikuwa wingi wa wakaguzi wa jambo moja. Kwa miaka mingi mtengenezaji wa juisi alikaguliwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa na pia na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kila mmoja akiwa na fomu zake na ada zake. Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, unaojulikana kama MKUMBI, ambao serikali iliuidhinisha mwaka 2018, ulieleza mgongano huo bila kuuficha, na mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS, mamlaka ile ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA, na ada kadhaa za OSHA zikafutwa. Haya ni mageuzi ya kweli, na mjasiriamali wa juisi anayatambua hata kama hajawahi kulisikia neno MKUMBI.

Wamachinga, yaani wafanyabiashara wadogo wanaouza barabarani na katika vibanda, wamepitia njia yao. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na kwa mara ya kwanza wengi wao walikuwa na kitu cha kumwonyesha mgambo. Kitambulisho hicho kilimtambua mtu, na hilo lilikuwa jema. Hakikuitambua biashara yake kwa namna ambayo msambazaji, benki au mahakama ingeweza kuitegemea, na wengi waliokuwa na mauzo makubwa zaidi walijificha chini yake. Kinachohitajika kwa kundi hili ni ule usajili mwepesi wa mwaka 2007, kwa kuwa unampa mtu kumbukumbu inayokua pamoja naye, kuanzia meza ya nyanya hadi duka la jumla, bila kumtaka aanze upya kila anapopanda ngazi.

Kuhusu wageni, mtu asiye raia anaweza kusajili kampuni na kuwekeza, na Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 iliweka kiwango cha mtaji cha kupata cheti cha vivutio kuwa dola 50,000 kwa mwekezaji wa ndani na dola 500,000 kwa wa nje. Julai 2025 serikali ilitoa amri chini ya sheria ya leseni inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa kukarabati simu, saluni na uongozaji wa watalii, huku waliokuwa na leseni hai wakiruhusiwa kuendelea mpaka ziishe. Amri hiyo inamwadhibu pia Mtanzania anayekubali jina lake litumike kumficha mgeni, na sehemu hiyo ndiyo inayopaswa kutangazwa zaidi, kwa kuwa vijana wengi hutia saini hati za leseni kwa malipo madogo bila kujua kwamba kisheria wamekuwa wenye biashara, wenye madeni na sasa wenye kosa la jinai. Amri hiyo ilizua malalamiko Kenya, kwa sababu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imewaahidi raia wa nchi wanachama haki ya kuanzisha shughuli katika nchi jirani, na mvutano kati ya ahadi hiyo na amri hii utahitaji kutatuliwa na nchi wanachama wenyewe kwa pamoja.

Msikilizaji aliye Unguja au Pemba afahamu kwamba usajili wa biashara si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wakala wake wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, na Sheria yake ya Kampuni ya mwaka 2013, na jina au alama iliyosajiliwa Bara haimlindi mwenyewe Darajani, wala iliyosajiliwa Zanzibar haimlindi Kariakoo. Anayevuka bahari kuuza pande zote mbili hulazimika kuandikisha pande zote mbili. Kwingineko katika ukanda, Kenya iliruhusu kwa Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 mtu mmoja kuanzisha kampuni peke yake, huku vibali vya biashara vikibaki kwa serikali za kaunti, na Rwanda imeufanya usajili wa kampuni kwa mtandao kuwa wa bure, ukitolewa pamoja na namba ya mlipakodi.

Limebaki jambo ambalo maofisa hulitaja mara chache, nalo ni kufunga. Duka linapokufa, mwenyewe huondoa bidhaa, hurudisha funguo za fremu na kwenda kutafuta riziki kwingine, lakini katika madaftari ya serikali biashara hiyo bado iko hai: TRA inaendelea kuisubiri itoe ritani, ada za kila mwaka za jina zinaendelea kuhesabiwa BRELA, na halmashauri ina jina lake katika orodha ya wanaotakiwa kuhuisha leseni. Mtu huyo akirudi baada ya miaka mitatu akiwa na mtaji mpya, hupokelewa na madeni ya biashara ambayo aliizika mwenyewe, na wengi huamua kuanza tena kwa jina la mke, mume au mdogo wao, na hivyo kutoka nje ya mfumo ambao walikuwa wameuingia kwa hiari. Sheria inatoa njia: taarifa ya kusitisha jina kwa msajili, ombi la kufungiwa shughuli katika TIN kwa TRA, na barua kwa ofisi ya biashara ya halmashauri, na kwa kampuni utaratibu wa kuifuta katika daftari ukiwa mrefu zaidi. Taarifa hizo tatu zinapaswa kupelekwa mwezi ule ule biashara inaposimama, na nakala zilizogongwa mhuri zitunzwe pamoja na cheti cha zamani.